Mwalimu Alikuwepo

Wanafunzi hawatungi jina la utani kwa kukisia. Hulichuma kinywani mwa mwalimu mwenyewe, wakamrudishia. Mwalimu huyu wa historia alikuwa na swali moja la kuiuliza dunia nzima. Ukimwambia mfalme fulani alikuwa na ngamia wengi kuliko mchanga, atauliza, "Nani kasema?" Ukimtajia aliyesema, hapo ndipo atakubana: "Alikuwepo?" Kidato cha kwanza wakambatiza hivyo mwaka wake wa pili kazini, na jina likamganda. Mwalimu Alikuwepo. Hata mkuu wa shule aliwahi kuteleza akamwita hivyo kikaoni, kisha akakohoa sana kufunika aibu.

Alifundisha zama za kati. Kazi hiyo ina mambo, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na tatu anaamini kila kilichotokea kabla ya bibi yake kuzaliwa kilitokea siku moja, tena asubuhi. Kwa hiyo Mwalimu alifunga kamba kutoka msumari wa dirishani hadi msumari wa mlangoni, akaipa kila karne kibanio chake cha nguo, na kila kibanio kikashika karatasi. Hapa Baghdadi ya wanazuoni, hapa msafara wa mfalme wa Mali, hapa tauni. Vibanio vyenyewe alivitoa kwenye kamba ya nyumbani kwake, na ndiyo maana mashati ya mumewe yalikuwa yakiokotwa kwa majirani.

Mwalimu wa hesabu, jirani yake wa meza katika chumba cha walimu, hakukosa la kumchokoza. "Dada, yaliyopita si ndwele."

"Kama si ndwele," alimjibu, "mbona mke wako wa kwanza hujamsamehe mpaka leo?"

Chumba kizima kilicheka, na mwalimu wa hesabu akarudi kwenye madaftari yake.

Lakini kilichomfanya apendwe na watoto ni mchezo wake wa mashahidi. Alimtuma mwanafunzi mmoja dirishani kwa mpishi wa shule, atazame tu, arudi. Huyo alimnong'oneza wa pili nje ya mlango, wa pili akamnong'oneza wa tatu, na kuendelea hadi wa mwisho aliyeingia kulitangazia darasa. Mpishi aliyekuwa akikoroga sufuria kwa amani zake alifika darasani akiwa ameungua mkono, amegombana na mbuzi, na analia. Watoto wote walikimbilia dirishani kuhakikisha. Mpishi naye, aliyechoka kufanywa historia kila mwaka, aliwatishia kwa mwiko. Wakisharudi kukaa, Mwalimu aliwaambia habari ya yule mfalme wa Mali aliyepita Kairo akagawa dhahabu mpaka ikashuka thamani. Aliwaambia pia kwamba mmoja wa walioandika habari hiyo alifika Kairo miaka mingi baadaye, akaokota maneno kwa waliokuwepo, na kwamba hesabu za ngamia hazilingani, kila msimulizi ana zake. "Hatuwaiti waongo," aliwaambia. "Tunauliza tu nani alikuwepo, na alitaka kumfurahisha nani."

Alikuwa na mtoto mmoja, aliyempata baada ya kusubiri kwa muda mrefu. Nyumbani walimwita Babu. Alizaliwa na mikunjo kwenye paji la uso, na alipoanza kutembea alitembea mikono nyuma, kama mstaafu anayekagua shamba. Ilipofika zamu yake ya kuingia sekondari akapangiwa shule ileile anayofundisha mama yake, na kidato cha kwanza kilikuwa na mwalimu mmoja tu wa historia.

Mwaka uliotangulia, binti wa mwalimu mwingine alishika namba moja, na midomo ya chumba cha walimu ikamtafuna binti, ikamtafuna mama, ikatafuna mpaka mitihani yenyewe. Mwalimu wetu aliapa yasimkute. Siku ya kwanza ya muhula alimsimamisha mwanawe nje ya geti.

"Sikiliza, baba. Ukivuka hapa mimi si mama yako. Ni mwalimu wako, kama nilivyo kwa wenzako. Kuniita mama hakuna, kudeka hakuna. Tumeelewana?"

Mtoto alifikiri, mikono nyuma. "Tumeelewana, Mwalimu."

Na alilishika hilo. Wiki ya tatu aligonga mlango wa chumba cha walimu wakati wa mapumziko, akasimama mbele ya meza ya mama yake wima kama askari. "Samahani, Mwalimu. Mama yangu amesahau kunifungia chakula leo."

"Mwambie mama yako awe makini," alisema Mwalimu, huku akimkatia nusu ya mkate wake.

"Nitamwambia, Mwalimu. Ila ni mkali."

Mwalimu wa hesabu alicheka mpaka akatoka nje kupunga upepo. Mama mwenyewe alisubiri mlango ufungwe ndipo akainamia meza, mabega yakimtikisika. Jioni nyumbani walirudia kisa kile kwa baba kwenye simu, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake maneno. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa. Alimlea mwanawe nusu kwa mikono na nusu kwa simu.

Kusema kweli, darasani Mwalimu alimkazia Babu kuliko wengine. Jibu ambalo mwingine angepewa alama nzima, yeye alipewa nusu na alama ya kuuliza. Mtoto hakulalamika. Alikuja nyumbani, akavua viatu, akasema, "Mama, yule mwalimu wetu wa historia ana roho ngumu," na mama akamjibu, "Pole mwanangu, nitamsema."

Siku yenyewe ilikuwa ya jaribio. Kila mwalimu anajua siku ya jaribio darasa zima huumwa. Asubuhi Babu hakumaliza uji, na mama yake akaona ni hofu. Katikati ya kipindi binti mmoja wa mstari wa mbele aliomba ruhusa, tumbo linamsokota. Mwalimu akamwambia tumbo lisubiri kengele, darasa likacheka, binti naye akacheka na tumbo likapona. Muda si muda akaona nyuma kichwa kimelala juu ya dawati.

"Wewe wa nyuma. Kichwa juu."

Babu aliinua kichwa polepole, amekunja macho kama anayetazama jua. "Mwalimu, kichwa kinaniuma."

Alimtazama. Mlaumuni mkitaka, lakini jiwekeni hapo aliposimama: amemnyima mtoto wa mwenzake dakika tano zilizopita, na macho ya darasa zima yanangoja kuona atamfanyia nini wake. Mkono wake ulitaka kwenda kumgusa paji la uso. Aliuweka mfukoni.

"Na wewe subiri kengele," alisema.

"Sawa, Mwalimu."

Kengele ilipolia alikusanya karatasi, akaenda darasa jingine, akijiambia atamtazama mchana. Mchana akaitwa na kelele. Babu alikuwa ameanguka penye mabomba ya maji. Mkuu wa shule alitoa gari lake, na Mwalimu akakaa nyuma na kichwa cha mwanawe mapajani, chaki ingali vidoleni, akimwita baba, baba, baba, njia nzima.

Ni homa ya uti wa mgongo, daktari alisema, nayo huja mbio. Mwalimu aliuliza: angeletwa asubuhi je? Daktari aliiangalia kalamu yake. "Mama, usijiulize hivyo." Mwanamke aliyekula miaka yake akiwahoji mashahidi alijua lile ni jibu la namna gani.

Kuelekea jioni Babu alifumbua macho. Pazia lilikuwa limefungwa kwa sababu mwanga ulimchoma. Alimtazama mama yake kwa muda, kwa adabu, kama anayepanga maneno.

"Mwalimu," alisema. "Naomba ruhusa niende nyumbani."

"Ni mimi, baba. Ni mama. Hapa si shuleni. Niite mama."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Babu.

Hakusema jingine. Nesi aliyekuwa na wodi nzima peke yake alikuwa akifunga dripu pembeni, akisikiliza nusunusu, akageuka. "Kumbe wewe ni mwalimu wake? Mama yake ameshapewa habari?" Mwalimu alifungua mdomo. Nesi akaitwa kitanda kingine, na kabla hakujapambazuka Babu alikuwa ameshakwenda zake.

Baba alifika siku iliyofuata mchana, lori ameliacha njiani kwa turniboi, msaidizi wake. Aliingia na vumbi lake, akawapita watu waliojaa uani, akapiga magoti mbele ya mkewe.

"Mama Babu. Alisema nini?"

Hakumwuliza ilikuwaje, wala nani alimchelewesha. Alimwuliza hilo moja tu, huku amemshika mikono yote miwili. Naye alimtazama yule mtu ambaye hakuwahi, ambaye alikuwa usukani wakati mwanawe anakata roho, akaona hana cha kumpa.

"Aliniita mama," alisema. "Halafu akakuulizia. Akasema, baba yuko wapi."

Baba akalia kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti. Baadaye alikwenda hospitali na shemeji yake kukamilisha mambo, akarudi na sare za shule kwenye mfuko, akakaa kando peke yake. Watu wakamwacha. Uchungu wa mwana aujua mzazi.

Lakini siku zilizofuata alianza kuisimulia. Kila aliyeingia kuwapa pole alikalishwa na kuambiwa: mtoto alimwita mama yake, kisha akamwulizia baba. Baada ya siku mbili alikuwa amemwita mama mara mbili. Baada ya wiki alikuwa amemshika na mkono. Wifi yake Mwalimu, ambaye siku hiyo alikuwa sokoni, aliongeza kwamba mtoto alitabasamu, na akamtolea shangazi yake ushahidi mzima wa lile tabasamu, lilikuwa la upande gani. Mwalimu alikaa mkekani akisikiliza ngamia wakiongezeka. Kila walipofika pale pa "mama" aliinamisha uso, na wanawake wakamkumbatia, wakidhani wanajua analia nini.

Wanafunzi nao walikuja, wamevaa sare zilizopigwa pasi. Aliyekaa dawati moja na Babu alikuwa msichana waliyemwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Siku hiyo hakusema neno mpaka wenzake walipoanza kuondoka.

"Mwalimu," alisema, akitazama vidole vyake vya miguu. "Siku ile mimi nilimwambia. Nilimwambia mwambie ni mama yako, atakuruhusu. Akasema hapana, hapa ni shuleni."

"Ahsante, mwanangu," alisema Mwalimu. Akaingia chumbani, akaziba mdomo kwa mto.

Likizo ya msiba iliisha. Mkuu wa shule alimwambia asiharakishe, achukue darasa jingine akitaka. Alikataa. Alihofia kwamba asipoingia darasa lile wiki hiyo, hataingia darasa lolote tena. Akaingia. Walisimama wote, wakamwamkia kwa sauti ndogo kuliko kawaida. Dawati la nyuma walikuwa wamelifuta vumbi, na Redio alikaa upande wake tu, nusu ya dawati, kama anayemwachia mtu nafasi.

Kilichofuata kwenye mtaala kilikuwa tauni. Alifundisha akishikilia meza: meli, panya, viroboto, miji iliyofungwa milango. Aliwaeleza kwamba wanahistoria hawakubaliani idadi ya waliokufa, kwa sababu waliobaki ndio walioandika, na wengine waliandika wakiwa na hofu. Kitabu cha kiada kilikuwa na swali mwisho wa sura: eleza faida zilizotokana na tauni. Vibarua walipata ujira mnono, maana walikuwa wachache. Miaka yote alilifundisha hilo bila wasiwasi. Alilisoma mara moja, akakifunga kitabu.

Redio akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe hutuambia tuulize nani alikuwepo."

"Ndiyo."

"Sasa kama aliyekuwepo ni mmoja tu. Wengine wote wamekufa. Na yeye akasema uongo. Tutajuaje?"

Lilikuwa swali zuri. Siku nyingine angelipigia makofi. Mtoto hakuwa na kusudi lolote, alikuwa amerudi tu kuwa Redio, na ilipaswa kuwa furaha. Mwalimu alisikia mpishi akigonga sufuria kule jikoni.

"Hatutajua," alisema mwishowe. "Mtu huyo akidanganya, tumedanganyika sote, mpaka mwisho wa dunia."

"Kwa hiyo inabidi aseme mwenyewe?"

"Inabidi aseme mwenyewe."

Kipindi kilikuwa hakijaisha. Aliwapa kazi ya kuchora ramani, akatoka, akapita chumba cha walimu bila kuchukua mkoba. Mwalimu wa hesabu alimwona kupitia dirishani, akauchukua mkoba, akamkimbilia mpaka getini, akampa bila kusema la kuchekesha.

Njiani aliyapanga maneno. Aliamua atasema yote, neno kwa neno, kama yalivyotoka, na kama mumewe atamchukia basi amchukie kwa jambo la kweli. Alijiona mchafu. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kutowaamini waandishi wa kumfurahisha mfalme, ndiye huyo aliyeandika historia ya mwanawe kwa uongo, na nusu ya mtaa ilikuwa imeshaikariri.

Alimkuta mumewe uani, siku yake ya mwisho kabla ya kurudi barabarani. Alikuwa na mgeni, fundi wa matairi aliyefanya naye kazi zamani, ambaye habari zilimchelewea. Na baba alikuwa palepale: "...akamwita mama yake, tena mara mbili, halafu akaniulizia mimi." Fundi alikuwa akitikisa kichwa na kujifuta macho kwa kofia. Mwalimu alisimama mlangoni mpaka mgeni alipoaga, kisha akaketi kwenye kiti alichokiacha, bado kina joto.

"Baba Babu. Hakuniita mama."

Mumewe hakugeuka.

"Aliniita Mwalimu. Aliniomba ruhusa aende nyumbani. Nikamwambia ni mimi, mama, akanijibu ndiyo, Mwalimu. Asubuhi aliniambia kichwa kinamuuma, nikamwambia asubiri kengele. Nilimnyima nisionekane nampendelea. Mwanangu alikufa akifuata sheria yangu ya getini."

Alisubiri ngurumo, au hata mlango kufungwa kwa kishindo. Mumewe alijipangusa viganja kwenye suruali, polepole.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilipokwenda kuchukua sare zake. Kulikuwa na nesi, amechoka, hakujua nani ni nani. Akanipa mfuko, akasema, poleni sana baba, hata mwalimu wake alikuwa hapa, amemlilia kama mama mzazi." Sauti yake ilikatika, akaiokota. "Nikamwuliza aliongea nini, akanieleza. Ndiyo nikajua."

"Sasa mbona uliwaambia watu? Kila siku, kila mgeni, mara mbili, mkono, sijui nini..."

"Niliwaambia wao ili usikie wewe. Niliona nikiisema sana, na wao wakiisema, mwisho na wewe utaiamini. Wewe ni mama yake. Alikuwa anajua wewe ni mama yake. Alikuwa na homa tu, mama Babu. Homa ndiyo iliyosema."

Mwalimu akalia hapo, kwa sauti, mara ya kwanza tangu siku ile, na mumewe akausogeza mkono akamshika kisogo kama anavyoshikwa mtoto. Hakumlaumu. Hakusema angefanya hivi au vile. Mwalimu aliona kifua kikimlegea, akaona ataweza hata kulala. Bado lilikuwa limebaki neno moja, na alikuwa amejiapiza njiani kwamba hatalibakiza. Aliinua uso, akafuta pua, akavuta pumzi ili aliseme.

Mumewe alimtangulia.

"Hilo la kwanza nilikuwa nalisema kwa ajili yako," alisema, akitazama miti ya uzio. "La pili ni kwa ajili yangu. Nikirudi usukani ndilo nitakalolirudia. Kwamba angalau aliniulizia. Hilo nesi hakulitaja, lakini alikuwa na wagonjwa wengi, hakukaa hapo muda wote. Wewe ulikaa." Alimgeukia. Macho yake yalikuwa kama ya mwanafunzi anayengoja karatasi yake irudishwe. "Hilo ni kweli, siyo?"

Kule shuleni watoto walikuwa bado wanachora ramani. Mwalimu alimtazama mumewe, na yale maneno yote aliyoyapanga njiani, neno kwa neno, yalikuwa tayari ulimini.

"Alikuulizia," alisema. "Mara mbili."